Picha ya Kumi na Mbili

Mpiga picha wa mtaa wetu hapa Kayanga ana vidole vinene, lakini akishika lenzi huvilegeza kana kwamba ameshika kifaranga. Hujifuta kwanza kwenye pindo la shati, hata mikono ikiwa safi, na akizungusha skrubu hujisemea, "Taratibu, taratibu." Jumamosi nilimsindikiza hadi kijiji cha Nyakatuntu kujaribu lenzi ya kuazima, ile inayosogezwa juu ili jengo refu lisionekane pichani kama linaanguka nyuma, na kuinamishwa ili kuchagua kipi kionekane wazi na kipi kififie. Kesho yake ilitakiwa irudi Bukoba. Kamera yake kubwa hupiga picha kumi na mbili kwa filamu moja, na filamu alikuwa nayo hiyo moja tu. Asubuhi nzima alipiga mnara wa kanisa, akiisogeza lenzi kidogo kidogo. Ikabaki picha moja, ya kuijaribu lenzi kwa kuiinamisha, jaribio alilolisubiri mwaka mzima.

Hapo akatokea bibi mmoja, jirani wa kanisa.

"Shikamoo, bibi," mpiga picha akamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu ile wanaibomoa kesho, watoto wananijengea ya matofali. Nipige picha nayo."

Mpiga picha akautazama mnara, kisha akabeba kamera na stendi yake ya miguu mitatu hadi uani kwa bibi. Akairudisha lenzi katikati, bila kuiinamisha.

"Shika tu mlango, bibi. Si lazima ucheke."

Bibi akaushika kwa mikono miwili. Kamera ikalia, naye hakuuachia. Mpiga picha hakumwambia kwamba picha imekwisha kupigwa. Alibaki ameinama nyuma ya kamera mpaka bibi alipouachia mwenyewe.