Siku Niliyojifukiza Msituni

Wenzangu wakisikia harufu ya udi wanakumbuka harusi. Hongera zao. Mimi nakumbuka Guangzhou, kule Uchina, nikiwa na miaka minane, nimesimama msituni.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Xiaobei, nyuma ya barabara ya Huanshi, baba akisafirisha mizigo ya watu kwenda Dar na Unguja. Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kichina tukimwita Ayi, kama watoto wa huko wanavyomwita mama yeyote wa makamo. Asubuhi hiyo mama alikuwa hospitali tangu jana yake, uchungu umemshika na mtoto hatoki. Ayi akaja kunichukua. Baba alinifunga mtandio mwenyewe, vibaya, upande mmoja unaburura, akasema, "Umsikilize Ayi, mwanangu." Tunakwenda wapi hakusema.

Basi lilitushusha chini ya mlima, tukapanda ngazi za mawe za kale zinazoteleza kama bamia. Miti ilikuwa imelifunika jua lote, na nyenje walilia mpaka masikio yakaniuma. Niliogopa, nikamshika Ayi mkono. Halafu nikasikia udi.

Sasa mtoto wa pwani akisikia udi ataogopa nini tena? Kwetu kila Alhamisi mama alitia makaa kwenye chetezo tukafukiza nguo. Kwa hiyo nilipokiona chetezo cha chuma kimesimama uani mwa jumba la zamani, kikubwa kunipita mimi, sikuuliza. Nilivua mtandio, nikautandaza kwenye moshi, nikaugeuza upande wa pili, nikajitanda tena. Ayi alifurahi sana. Akanipa vijiti vitatu vinavyofuka moshi.

"Muombee mama yako," akaniambia kwa Kichina, ambacho nilikuwa nakijua kwa sababu ya shule. "Bibi yangu aliomba hapa hapa."

Nikamfuata ndani. Kulikuwa na giza, na nilipoinua macho nikaona majitu mawili marefu mpaka darini, macho yamewatoka, mikononi mapanga. Ndipo nikajua niko wapi. Masanamu! Maalim wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alishatuonya kwamba anayeyaendea masanamu dua yake haipandi. Na mimi nimejifukiza moshi wao, siku mama yangu anapigania roho. Niliamini kabisa kwamba nimemuua.

Nilivitupa vile vijiti nikakimbilia mitini, nikaanza kusoma Ayatul Kursiy. Nilifika katikati nikasahau. Nikaanza upya, nikasahau palepale. Ayi aliponikuta hakunigombeza. Alinipangusa kamasi kwa mkono wake, tukateremka.

Hospitali tulimkuta baba amekaa kwenye ukumbi, peke yake. Aliniinamia, akaweka uso kwenye mtandio wangu, akabaki hivyo muda mrefu. Nikajua ananusa. Nikamwambia yote harakaharaka kabla hajanipiga, moshi, vijiti, majitu. "Baba, mama akifa ni mimi."

Bega langu likalowa, nikadhani ni jasho lake.

Jioni mdogo wangu alizaliwa, analia utadhani kadhulumiwa, na mama akapona. Habari ya msituni haikutajwa tena nyumbani. Nikashukuru kwamba baba amenisamehe.

Nimekuja kuelezwa na mama juzijuzi tu, naye alisimuliwa na Ayi, baba keshatangulia mbele ya haki. Asubuhi ile daktari alimwambia baba ajiandae, huenda akawakosa wote wawili. Ayi akasema anakwenda hekaluni kumuombea mama, je, mimi nibaki na nani? Na baba yangu, aliyekuwa akizirudisha hata peremende za Ayi kwa kuhofia mafuta ya nguruwe, alimwambia, "Nenda naye. Na wewe omba."

Kumbe siku ile tulikuwa wawili tulioamini tumemkosea Mungu. Mimi nilikuwa na baba wa kumwambia. Yeye hakuwa na mtu.