Foleni ya Korongoni

Kiangazi kile kazi yangu ilikuwa kukaa korongoni. Kila asubuhi, baada ya chai ya rangi, mama mkwe alinikabidhi ndoo na madumu mawili, kisha akaninyooshea kidevu upande wa korongo kana kwamba njia nisingeijua. Wake wa mashemeji zangu walibaki nyumbani wakipukuchua mahindi na kusukana nywele. Siku mmoja wao aliposema leo ataenda yeye badala yangu, mama mkwe alimkata kauli: "Mwache aende mwenyewe." Nilidhani ananikomoa. Sikukasirika. Hasira nayo inataka nguvu, na nguvu sikuwa nazo.

Masika yaliyotangulia nilikuwa nimejifungua kwa kupasuliwa. Nilipozinduka niliambiwa ni wa kiume na kwamba hakulia. Mama mkwe na wanawake wa ukoo walikuwa wameshamchukua, wamerudi naye kijijini na kumzika siku ileile, bila wanaume na bila matanga, kama wanavyofanya kwa mtoto ambaye hakuwahi kunyonya. Mimi nilibaki wodini na mshono wangu. Na katika ukoo ule mama wa mtoto wa namna hiyo haulizi kaburi liko wapi. Hakuna aliyenikataza kwa mdomo. Nililijua tu, kama unavyojua kwamba kinu hakikaliwi. Mume wangu, aliyekuwa akiendesha bodaboda Handeni mjini na kuja nyumbani mwisho wa wiki, alisema naye hajui, kisha akatoka nje kwenda kuipangusa pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Nilitaka kitu kimoja tu, kujua amelala wapi, na hicho ndicho nisichoweza kukiuliza.

Wakati wa mimba kijiji kizima kiliniita mama kijacho. Niliporudi jina lile lilikwisha na hapakuwa na jingine la kuniita. Watu walisema "wewe" au "bibie", au waliniangalia tu hadi nikageuka. Walinishauri nilie, eti nitapata nafuu. Nilijaribu. Nilikaa kitandani nikakunja uso, nikasubiri, hakikuja kitu, nikaenda kuosha vyombo. Mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Korogwe: rudi nyumbani mwanangu, huko umebaki kufanya nini? Nilimwambia mvua zikianza nitakuja. Sikujua nitaondokaje na kumwacha mtu ambaye hata sijui nimemwacha wapi, lakini hilo sikumwambia.

Mimi ni mtoto wa kambi za mkonge. Babu yangu alikuja Korogwe kukata mkonge na kwao hakurudi tena. Huko mto upo hadi unachosha, na bomba likikauka tangu asubuhi, mchana watu wanatukanana. Kwa hiyo maji ya Handeni yalinishinda kuelewa. Kwenye ile mbuga kavu tulikoishi, maji ya kiangazi hayaonekani. Unachimba mchanga wa korongo hadi shimo likufike kifuani, halafu unakaa unasubiri yapande. Yanapanda kwa kujivuta. Unachota kata moja, unasubiri, unachota nyingine. Ukiwa na haraka unapata tope. Mimi haraka sikuwa nayo hata chembe, pengine ndiyo sababu kazi ile niliiweza.

"Ukae kwenye mkuyu," mama mkwe aliniambia siku ya kwanza, "jua la chini litakuua." Mkuyu ulikuwa juu ukingoni, mahali ambapo korongo hata likijaa halifiki. Niliegemea shina lake, kandambili zangu nikaziweka juu ya jiwe bapa lililokuwa pembeni, na kutoka pale niliona shimo letu, kidimbwi cha kijani kwenye kona, na kila mwenye kiu aliyekuja.

Walikuwa wengi. Wa kwanza walikuwa firigogo, ndege wa mbugani wenye umbo la njiwa, walioshuka kwa kelele wakiwa kundi zima. Wale wa kiume waliingia kidimbwini hadi tumboni, wakajisugua na kujitikisa mpaka manyoya ya kifua yakalowa chepechepe, kisha wakaruka. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akinywesha ndama zake jirani na shimo letu ndiye aliyenieleza kwamba wanawapelekea watoto, na kwamba watoto wananyonya maji kwenye manyoya ya baba. Nikasema ehe. Aliniangalia kidogo, akarudi kwa ndama zake.

Jua likipanda walikuja nyuki. Walijaa kwenye mdomo wa ndoo na kwenye vidole vyangu vilivyolowa, na ukiwafukuza wanakung'ata, kwa hiyo sikuwafukuza. Wifi yangu mmoja aliwahi kukimbia hadi nyumbani akipiga kelele na kanga ikabaki njiani, wakamcheka wiki nzima. Mimi waliponitembea mkononi sikusikia kitu. Saa za jua kali alifika ngiri na wanawe, akapiga magoti pembezoni mwa kidimbwi kama mtu wa ibada. Swala walisubiri ngiri amalize. Tandala alisimama kichakani tangu mchana, masikio mbele, akipima kama kuna usalama, na mara nyingi aliondoka bila kunywa. Yule aliniudhi. Nilitamani kumwambia kunywa basi, nani atakuja kukubembeleza?

Wengine niliwajua kwa nyayo za asubuhi tu, fisi na chui. Jioni tulilifunika shimo kwa matawi ya miiba, lakini kando yake palikuwa na hori la udongo ambalo wamama wa Kimaasai walilitengeneza kwa ajili ya ndama, na desturi ilikuwa kwamba wa mwisho kuondoka analiacha na maji. Siku moja nililifikisha suala hilo nyumbani.

"Mama, mimi nakaa juani kutwa kumchotea fisi?"

"Ukimnyima atachimba mwenyewe," alisema mama mkwe bila kuinua macho kwenye ungo. "Na akichimba kwake, anabomoa kwako. Wewe mwachie."

Basi nikawa naacha. Mara moja walipita tembo, na wale hawakujali hori wala miiba, walilikanyaga shimo letu likawa bakuli. Nilipofika asubuhi nilisimama pale nikifikiria nianze kulia au nianze kuchimba, nikachukua jembe. Halafu nikaona mbele kidogo wamechimba la kwao, kwa mikonga na miguu, na maji yake yalikuwa meupe kuliko yetu. Siku kadhaa tulichota kwenye shimo la tembo, sisi na ndama na swala, mpaka mchanga ukalifukia.

Nyani ndio waliokuwa na utaratibu mkali kuliko wote. Kidimbwi cha kijani hawakukigusa. Walichimba pembeni yake mashimo yao membamba kwa mikono na kusubiri yajichuje, kama mimi. Dume kubwa, lenye mabega ya mpagazi wa magunia, lilikunywa kwanza na kwa kujinafasi. Kisha majike wenye vyeo, kisha wengine. Aliyekosea zamu alipigwa. Na wa mwisho kabisa alikuwa jike mmoja mwembamba aliyekuja ameshika kitu mkononi.

Mwanzo nilidhani ni kipande cha ngozi. Alipokaa nikaona ni mtoto wake, amekufa siku nyingi, amekauka. Alimbeba kwa mkono mmoja na kutembea kwa mitatu. Ilipofika zamu yake akamlaza mchangani, maana mashimo yale hayaingiliki bila mikono miwili na kichwa. Akiinama tu, mwingine anasogea kunusa, naye anamnyakua mtoto na kurudi nyuma. Akimlaza tena, yanakuwa yaleyale. Kundi likaondoka, na yeye akaondoka nalo bila kunywa.

Ningependa kusema moyo ulinipasuka. Haukupasuka. Niliwaza: mjinga huyu atakufa kwa kiu. Nikamaliza kuchota, nikajitwisha, nikaenda.

Kesho yake ilikuwa vilevile. Siku iliyofuata nilijaza maji kwenye kifuniko cha ndoo, nikakiweka mbali na wenzake, nikarudi kwenye mkuyu wangu. Sijui kwa nini. Alikuja kwa kuzungukazunguka, akanywa kwa kukiinamia, mtoto amembana kifuani. Aliyamaliza yote. Nikaweka tena siku nyingine, na safari hii dume likaona. Lilipoanza kumjia niliokota jiwe, nikasimama, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. "Toka! Toka hapa! Huoni mwenzio?" Dume likasimama kwa mshangao. Hata mimi nilishangaa. Tangu masika nilikuwa nikiongea kwa sauti ya kuomba chumvi, na sasa koo liliniwasha.

Niliporudi nilimwambia mama mkwe nimewapa maji nyani, nikiwa tayari kusemwa, kwa sababu ni haohao waliomaliza mahindi yetu ya bondeni. Akaniuliza yupi. Nikamweleza. Aliendelea kupepeta.

"Ana mzigo mzito huyo," alisema. Hakunisema.

Kisha ikaja siku jike yule alipokuja mikono mitupu.

Nilimjua kwa wembamba wake. Alisubiri zamu yake nyuma ya wenzake, ilipofika akaingiza mikono yote miwili na kichwa, akanywa, akainuka maji yakimtiririka kidevuni. Akakaa akijikuna. Hakutazama nyuma wala pembeni. Na mimi, ambaye miezi yote ile sikuwa nimesikia kitu, nikasikia hasira imenipanda kutoka miguuni. Nilisimama na kata mkononi.

"Umemwacha wapi?" nilimwuliza. "Wewe! Umemwacha wapi?"

Nyani wakatimka. Nikabaki nimesimama katikati ya korongo tupu, na nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga mawe. Mama mkwe alikuwa ameshuka kunifuata kwa sababu nilichelewa. Hakuwa na kawaida ya kuja kule, miguu ilimsumbua.

Alitafuta pumzi kwanza. "Mnyama hawezi kukujibu," alisema.

Niliiangusha kata mchangani.

"Na mimi hukuniuliza."

"Nilijua hairuhusiwi, mama."

"Hairuhusiwi wewe kuuliza." Aliegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili. "Mimi kusema hakuna aliyenikataza. Ila nilikuona umekuwa kama gogo. Nikasema nikimwambia gogo, nitakuwa nimemwambia nani? Nikasubiri."

Akaniambia kwamba kwao mtoto kama yule hazikwi pakavu. Huzikwa penye unyevu, kiangazi hata masika, ili mama yake naye asikauke. Kwenye nchi ile pakavu ni kila mahali, kwa hiyo walitembea naye asubuhi ile hadi wakapata mahali ambapo mizizi inafika majini na mafuriko hayapafiki. Alikuwa akisema haya huku kidevu chake kimeelekea juu ukingoni, na nilikifuata kwa macho nikijua kitakapoishia.

"Hapo unapoegemea kila siku," alisema. "Lile jiwe ni kwa ajili ya fisi, wasimfukue."

Kandambili zangu zilikuwa juu yake, moja imegeuka.

"Wale wenzako nimewagombeza mpaka wakaniona mchawi," alisema. "Walitaka kukusaidia maji. Nikasema hapana. Mtoto akae na nani kutwa?"

Nilipanda ukingoni kwa mikono na miguu. Niliziondoa kandambili, nikalipangusa jiwe kwa kanga, kisha sikujua mkono niuweke wapi, nikauacha palepale juu ya jiwe. Lilikuwa na joto la jua. Nilihesabu moyoni asubuhi zote zile nikashindwa. Nilikuwa nimemkalia mwanangu kiangazi kizima nikiwachunga firigogo na nyuki, nikimgombeza tandala kwa woga wake. Ndipo kifua kikaanza kuuma, maumivu ya kweli, yenye mahali pake, nami nikayashukuru.

Chini kwenye shimo maji yalikuwa yameshapanda na yangeanza kuzama tena kama hayachotwi. Madumu yalikuwa matupu na hori halikuwa na kitu. Nikafanya kama ninainuka. Mama mkwe alikuwa ameshaiokota kata niliyoiangusha, amekunja kanga yake magotini, anashuka mchangani taratibu na ile miguu yake mibovu.

"Kaa hapo, mama," alisema, na hakunitazama. "Leo nachota mimi."

Nikakaa.