Wembe Mweusi wa Mjomba Sikazwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ilikuwa Ijumaa, kesho yake ni harusi ya kijana wa kijiji cha Mwamkulu, nami nikasema "sawa, nitaung'arisha" mahali nilipopaswa kusema "subirini mwenyewe arudi." Maneno yenyewe ni machache, lakini nimezeeka nayo.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbali, nikarudi Mpanda na kupata kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma karibu na stesheni ya treni. Tulikuwa na mota moja iliyoendeshwa kwa jenereta. Upande mmoja ilizungusha jiwe la kusagia, upande wa pili gurudumu la kitambaa tulilolipaka dawa nyekundu, ngumu kama kipande cha sabuni. Wenzangu waling'arishia vitasa na ringi za baiskeli. Mimi nikajaribu nyembe, zile za zamani za vinyozi, zinazokunjwa zikaingia ndani ya mipini yake.

Mambo ya wembe nilifundishwa na mjomba wangu, Mzee Sikazwe, kinyozi wa sokoni. Yeye alifanya kazi kwa jiwe, maji na mkanda wa ngozi, lakini mota yangu hakuidharau. Alikuja akaitazama ikizunguka, akanivua glovu za kuchomelea kwa mkono wake mwenyewe.

"Mjomba, hapa fanya kwa vidole vitupu," aliniambia. "Vidole vikiungua, ujue na wembe unaungua. Chovya kwenye maji, pumzika, ndipo urudi."

Maana wembe ukipata joto kupita kiasi, chuma chake kinalegea. Utaunoa na utakata, ila makali hayakai. Shavu la kwanza wewe ni kinyozi, shavu la pili unakwangua.

Basi niliacha glovu, na hapa niache nijisifu kidogo. Nyembe zilizokuwa zimekaa kwenye dari na kushikana kwa kutu zilitoka mikononi mwangu ziking'aa, unajiona mpaka kope. Vinyozi walizileta kutoka Kabungu, wengine walikuja na treni. Mzee mmoja wa kijiji cha Mamba alipopokea wembe wa marehemu baba yake aliniomba nimnyoe palepale karakanani. Wembe wa kwanza kabisa niliotengeneza ulikuwa kipande kidogo kilichopinda mpini, nilikiokota kwenye vyuma chakavu. Huo nilitembea nao mfukoni.

Wembe wa mjomba ulikuwa mweusi kwa uzee. Hakuwahi kuung'arisha, na kazini hakuna uliokuwa unaukaribia. "Siku mkono wangu ukianza kutetemeka," alikuwa akiniambia, "huu ni wako, na sanduku lake."

Ijumaa ile alikwenda msibani Kabungu akaniachia sanduku. Mchana akaja Masanja, kaka wa bwana harusi, Msukuma mrefu mwenye maneno mengi.

"Mzee wako kesho atamnyoa mdogo wangu uani kwetu, mbele ya wakwe," alisema. "Sasa jamani, na ule wembe? Mweusi kama sufuria ya pombe. Watasema tumemchuna ng'ombe. Nyie si ndio mafundi wa kung'arisha?"

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema labda naogopa. Na mimi, mwanangu, nilitaka kuona uso wa mjomba atakapoufungua wembe wake ukimulika kama kioo. Nikasema sawa.

Weusi ule ulikuwa mgumu. Nilikandamiza, vidole vikaungua, nikachovya, nikarudi, vikaungua tena. Jenereta ilikuwa inakaribia kuzimwa. Nikavaa glovu. Nilipoutoa kwenye gurudumu niliona mstari wa bluu karibu na makali. Nilijua ni nini: chuma kilikuwa kimeungua. Nikaurudisha kwenye kitambaa, nikausugua mpaka bluu ikaondoka, nikaunoa kwenye jiwe, nikaujaribu kwenye nywele za mkono. Ulikata. Nikaufungia sandukuni, na mjomba aliporudi usiku nikampa sanduku bila kumweleza.

Kesho yake uani, mjomba alipoufungua, jua liliupiga na wanawake wakapiga vigelegele. Alinitazama. Akaanza. Shavu la kulia lilikwenda vizuri. La kushoto wembe ukaanza kukwama, bwana harusi akakunja uso. Mjomba akaupitisha kwenye mkanda, akarudi, ukakwama tena, na tone la damu likatoka. Wakwe wakaanza kunong'onezana. Bwana harusi alikuwa nusu ana ndevu, nusu hana.

"Mjomba," aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "kile kipande chako kiko wapi?"

Nikakitoa mfukoni. Masanja akaguna, "Hicho si cha kukatia kucha?" Mjomba akakijaribu kwenye ukucha, akainama, na shavu lile likasafishika kama alikuwa anapangusa maji. Akaendelea na kidevu, shingo, mpaka nyuma ya masikio. Baba mkwe alikuja kupitisha kiganja kwenye shavu la kijana, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ngoma zikaanza. Mjomba akaninyanyua mkono mbele za watu akasema, "Wembe huu kautengeneza huyu." Sijawahi kushangiliwa vile, si kabla wala baadaye. Masanja mwenyewe alinibeba mabegani.

Kelele zilipopungua mjomba alinivuta pembeni.

"Ulivaa glovu?"

"Nilivaa."

"Rangi uliiona?"

"Niliiona. Nikaifuta."

Akaukunja wembe wake taratibu. "Kuunguza hata mimi nimeunguza," alisema. "Kufuta ndiko sikukufundisha."

Tangu siku ile sikuunguza wembe mwingine, na kazi yangu ilijulikana mkoa mzima. Mpaka leo naweza kukuonyesha nyembe zinazofanya kazi kwa sababu yangu. Nafurahi kwa hilo, sikufichi.

Nakuasa hivi, mwanangu. Kitu cha mtu usikiguse kabla hujamuuliza, hata kama unataka kumfurahisha. Mikono yako ikikuonya, usiivike glovu. Na ukishaharibu, peleka kosa kwa mwenyewe likiwa bado linaonekana. Mungu akupe kazi ya kujivunia, na akujalie ulimi wa kusema "nimekosea" siku hiyohiyo.

Mkono wa mjomba ulipoanza kutetemeka, sanduku alimpa kinyozi mwingine wa sokoni. Ijumaa ile ilinigharimu wembe niliokuwa niurithi, na miaka kumi na miwili ambayo mjomba wangu alinisalimia kama anavyosalimiwa mteja, mpaka tulipomzika.