Kreti za Kibosile

Kibosile alikuwa na majivuno makubwa kuliko machungwa yake, na machungwa yake, jamani, yalikuwa makubwa kweli. Miche aliileta kutoka kitalu cha mjini, na tangu ianze kuzaa hakuna mgeni aliyepewa maji ya kunywa kabla ya kuzungushwa shambani. "Umeona? Kama kichwa cha mtoto!" Dada yake alisikia hayo kila siku, akasonya kila siku.

Dada mtu alikuwa na machungwa ya zamani, madogo. Aliyalea tangu arudi nyumbani ndoa ilipovunjika, na ndiyo yaliyomsomeshea binti. Sasa kisima kilikuwa kinakauka, maji hayatoshi miti yote. Baba yao akakata shauri: miti yao ni sawa kwa idadi, basi mavuno yapimwe, na upande utakaotoa kidogo ukatwe.

"Pole, dada. Hizo golori zako utamuuzia nani?" Kibosile akamcheka.

"Wewe chuma. Mdomo haupandi kwenye mizani."

Siku ya kupima, Kibosile alileta kreti zilizojaa pomoni. Machungwa ya juu alikuwa ameyapangusa kwa kitambaa, mtu mzima na ndevu zake! Mizani ikampa ushindi, tena mwembamba. Alivyoruka, ungedhani yeye ndiye aliyeumba machungwa. Dada akawaza: binti yangu ataendelea na shule kwa pesa gani?

Akashika kreti ya kaka yake aiondoe njiani. Nzito! Akashangaa, maana machungwa ya Kibosile yana ganda nene kama godoro, na kreti yake huacha mianya kila mahali. Akaipindua. Yakabiringika makubwa machache, kisha yakamwagika madogo, ya ganda jembamba. Yake! Akapindua ya pili. Vilevile.

"Ee, mwizi usiye na haya! Unaniibia ili unikatie miti?"

Baba akaokota moja, akamwonyesha mwanawe.

"Nilikuwa naziba mianya tu, baba," Kibosile akasema, jasho linamtoka.

"Na kwa nini usizibe kwa ya kwako?" dada akamuuliza. "Si yapo tele?"

"Ya kwangu mepesi," yakamponyoka.

Baba akamwambia avue shati lake zuri, akaanze kukata michungwa yake mwenyewe.