Vikombe Viwili vya Maziwa Mabichi

Mgongo ulianza kuniuma nikiwa kidato cha tatu. Nilidhani ni mitungi ya maji. Jioni napata homa, usingizini natoa jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi naamka kama sikuwa mgonjwa. Kufikia likizo sikuweza kuinama, na mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Niliogopa sitatembea tena. Sikumwambia mtu.

Cucu, mama yake mama, ndiye aliyeniuguza. Kwetu huku chini Mbeere, mgonjwa hupewa maziwa ya mbuzi yakiwa bado na joto la kiwele. Ukiyachemsha, Cucu husema, umeua nguvu. Tangu utotoni nilikuwa nakunywa kikombe kimoja kila asubuhi. Nilipozidiwa akaongeza vikawa viwili.

Hospitalini picha ilionyesha mifupa miwili ya uti wa mgongo imelika. Daktari akasema inafanana na TB ya mgongo. Kisha akaniuliza, "Unakunywa maziwa mabichi?"

Cucu alikuwa amekaa hapo hapo, kibeti mapajani. Ningesemaje mbele yake?

"Chai tu," nikasema.

Daktari akaanza kuandika dawa za TB. Nilijaribu kuchezesha vidole vya mguu ndani ya kiatu. Sikuvisikia.

"Daktari, nimedanganya. Nakunywa. Ya mbuzi."

Cucu akanigeukia. "Huyu hata akifukuzwa na kuku hasemi, leo ndio amepata mdomo! Basi mwambie ni vikombe viwili. Na mimi nakunywa, na sina shida."

"Sawa, cucu," daktari akasema. "Na wewe utatolewa damu."

Yake ilikuwa safi, na alihakikisha kila mtu kwenye foleni amejua. Yangu ilikuwa na brusela. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo wa maziwa ulikuwa umeingia mgongoni, na kwamba dawa za TB peke yake hazingetosha. Nilipewa sindano, na vidonge vya miezi mingi. "Utatembea," akasema. Nililia, na sikuona haya.

Nyumbani Cucu aliyachemsha maziwa mpaka yakamwagikia moto. "Kunywa hiyo maji yako," akaniambia, lakini alinipulizia kikombe kipoe.

Leo ni wiki ya saba ya dawa. Asubuhi nimevaa soksi mwenyewe, zote mbili, nikiwa nimesimama. Sikuita mtu aone. Nilizivua, nikazivaa tena.