Fundi wa Kufunga Akaunti

Wakazi wa Eldoret, walokole kwa walevi, mnatangaziwa rasmi kwamba siri zenu zote ziko mikononi mwa mama mmoja, fundi wa simu karibu na soko, anayefungia watu wasiotakiwa kwenye akaunti za mitandaoni. Mikono yenyewe ina rangi ya kucha iliyobanduka, na haijui haraka. Hupuliza kioo, hukipangusa kwa upindo wa sweta, kisha huuliza bila kuinua macho, "Tunamfungia nani?"

Leo ni zamu ya Linet, karani aliyejiombea ruhusa ya ugonjwa Ijumaa, akaenda Cheptiret kucheza kwenye koito, sherehe ya posa ya binamu yake. Bosi anamtaka ofisini saa nane akaeleze ugonjwa huo. Sasa ni saa nane kasorobo.

"Funga kila kitu, mama. Hata picha za nywele."

Fundi anagonga kioo, anavuta kamasi, anagonga tena. "Imefungwa. Wageni hawaoni."

"Na bosi? Nilimkubali awe rafiki humo mwaka jana."

"Nimemtoa."

Linet anashusha pumzi. "Kwa hivyo hawezi kuniona nikicheza?"

"Kwako hawezi," fundi anasema, akimrudishia simu. "Lakini shangazi yako ameweka video yote wazi kwa umma, na jina lako juu. Bosi ameshaandika hongera."