Flashi Yangu ya Nyimbo za Mbeya

Mnicheke taratibu. Juzi hapa Kihesa nilikuwa nasasisha programu ya ndani ya diski ya SSD kwenye laptopu ya kwaya, yenye nyimbo zetu zote za Jumapili. Nilichomeka flashi yangu ya muziki wa zamani, inikumbushe kwetu Mbeya nikifanya kazi. Laptopu ilipojizima ili iwake upya, ikagoma. Nikahangaika hadi mchana, kisha nikawatangazia wanakwaya, “Poleni, diski imekufa.”

“Basi tuiombee,” akasema Mama Neema, kiongozi wetu. Akachomoa flashi apate pa kuweka mkono, akaomba, akabonyeza kitufe. Ikawaka!

“Haleluya!” Nilipaza sauti kuliko wote.

Mama Neema akaitazama flashi. “Fundi, si ndiyo hii iliyokuwa inazuia laptopu isiwake?”

Mikono yangu ilikuwa bado juu.